Springi za Kilo Mia na Tatu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Pikipiki.

YAH: FUNDI WENU KUITENGENEZA PIKIPIKI YANGU MPAKA IKATENGENEZEKA

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ingawa kuhusu ukubwa wa afya hiyo kuna watu wameanza kusema zaidi ya walivyoulizwa, na ndilo jambo lililonikalisha chini na kalamu.

Mimi ni karani wa masjala katika idara ya barabara. Kwa miaka ishirini na miwili nimepokea karatasi, nikazigonga muhuri wa "Imepokelewa", nikazitoboa matundu mawili na kuzitia jaladani. Sijawahi kupoteza karatasi hata moja. Sijawahi pia kubishana na karatasi, na hapo ndipo tulipoachana njia mimi na mwanachama wenu, yule anayeitwa Fundi Rula, mwenye karakana ya mlango wa bati la buluu nyuma ya duka la vioo. Anaitwa hivyo kwa sababu rula ya chuma haimtoki mfuko wa kifuani. Nadhani hata akilala analala nayo.

Chanzo chenyewe ni kidogo. Pikipiki yangu ilikuwa ikiinama mno mbele. Nikishika breki, inainama. Nikiingia kwenye shimo, zile shokapu mbili za mbele zinazoshika gurudumu zinafika mwisho wa safari yake na kugonga, ngo! Nyuma yangu kila Alhamisi hukaa mama yangu mzazi, nikimpeleka kliniki ya mgongo. Kiti chake kina mto wa rangi ya waridi, tumeufunga kwa mpira wa baiskeli. Mama si mtu wa kulalamika, yeye huvuta pumzi tu. Lakini kutoka nyumbani hadi kliniki nilikuwa nazisikia pumzi zile moja moja, na nilikuwa najua ni shimo gani limeleta pumzi gani.

Basi nikaenda karakana kubadilisha springi za ndani ya shokapu. Yaliyonipata huko nayapanga kwa namba, ili usipotee.

1. Nilipimwa mbele za watu. Chama chenu kina fomu nzuri sana kwa mteja wa springi. Ina maswali matatu: uzito wa dereva, uzito wa abiria, na hali ya barabara anayopita. Niliijaza kwa herufi kubwa na wino mweusi, bila kufuta hata mahali pamoja. DEREVA: KILO 70. ABIRIA: HAKUNA. BARABARA: NZURI. Nikatia sahihi na tarehe. Kwa mtu mstaarabu shughuli iliishia hapo. Kilichobaki ni kuchukua springi za kilo sabini na kunifungia.

Fundi Rula aliisoma, akanitazama, akaigeuza kuangalia kama kuna ukurasa wa pili. Kisha akaikunja na kuiweka chini ya kikombe chake cha chai. Akachukua kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, akaizungushia kwenye bomba la shokapu, akaniambia, "Mzee, hebu panda, ukae unavyokaa siku zote." Nikapanda. Kadiri nilivyoshuka mimi, kamba ikasukumwa juu, na ikaendelea kupanda mpaka nikaanza kuihurumia. Pale palikuwa na mpeleka mikate, mwalimu wa hesabu aliyeleta tairi kuzibwa, na mama muuza mayai. Wote waliacha yao. Mpeleka mikate akauliza kama kuna mwingine amepanda. Nilivuta tumbo ndani kadiri nilivyoweza, na naapa kamba ile haikurudi hata kidogo. Fundi akatoa rula akapima. Nikamwomba apime tena, huenda rula ina hitilafu. Akapima tena, safari hii mwalimu wa hesabu akimsomea kwa sauti.

Hatimaye akachukua boksi la springi za waya mnene, akabandika karatasi ya gundi, akaandika kwa kalamu kubwa: "103 + mwenye mto". Boksi hilo tupu liko rafuni mpaka leo, limeelekezwa barabarani. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mizani ya kliniki, ambayo niliikanyaga kwa bahati mbaya nikimsubiri mama, ilisema mia na tatu na nusu. Kwa hiyo fundi wenu hata kukosea anakosea.

2. Alikataa kuiamini fomu. Ndugu Mwenyekiti, mimi nina kilo sabini. Nilikuwa nazo siku niliyoajiriwa, nikaziandika kwenye fomu ya afya, na kila mwaka nimenakili kutoka fomu ya mwaka uliotangulia, kama tunavyofanya ofisini kwa kila jambo. Ni fomu ishirini na mbili, zote zinakubaliana. Hebu niambie mwenyewe, ni ushahidi upi mzito zaidi: fomu ishirini na mbili zenye mihuri, au kamba moja ya plastiki?

3. Aliidharau oili yangu. Hapa lazima nikiri kwamba kabla ya kwenda kwake nilikuwa nimejitibu nyumbani. Shemeji yangu, ambaye hana pikipiki ila ana ushauri, aliniambia shokapu zikiinama dawa yake ni oili nzito. Niliipenda dawa hiyo mara moja, na nitakuambia kwa nini: oili haimuulizi mtu kilo zake. Unaimimina, unafunga, unaondoka na heshima yako. Nikamimina oili ya giaboksi, nzito mpaka ilikuwa inashuka kwenye chupa kama haina haja ya kufika.

Na kweli pikipiki iliacha kuinama kwa haraka. Ilianza kuinama polepole, na ikishainama hairudi. Shimo la kwanza liliishusha, la pili likaikuta bado iko chini, la tatu likapita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa mama. Alhamisi ile hakuvuta pumzi, alitoa sauti. Tulipofika akashuka akishika ukuta, akasema, "Mwanangu, nadhani mgongo huu umeshapona vya kutosha. Tusije tena." Wiki mbili hakwenda. Alikuwa anajifungia chumbani kuvaa viatu, nisimwone anavyoinama.

Fundi Rula aliimwaga oili hiyo kwenye chupa ya jamu, akaiinua juu penye mwanga, akanieleza mbele ya mama muuza mayai, "Mzee, oili haibebi mtu. Mbebaji ni springi. Oili kazi yake ni kumtuliza springi asirukeruke. Ukimpa springi mnyonge oili nzito, umemfunga mikono halafu unamtwisha gunia." Maneno mengi kwa mtu ambaye hakuulizwa! Kisha akatia oili nyepesi zaidi, namba kumi na tano, akashusha rula ndani ya bomba kupima nafasi iliyobaki juu ya oili, akanyonya iliyozidi kwa bomba la sindano, na akafanya vilevile upande wa pili mpaka zikalingana sawasawa. Mafundi wenzake wengi humimina kwa jicho na dunia inaendelea. Huku si kuwadharau wenzake ni nini?

4. Aliingilia kazi ya idara yangu. Hili ndilo kosa kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kwenye swali la tatu, mahali nilipoandika NZURI, fundi wenu alikata kwa mstari na kuandika juu yake "mashimo".

Barabara inayozungumzwa naijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu jalada lake ninalo mimi, kabati la tatu, rafu ya juu. Ndani yake kuna hati inayosema imekamilika na hali yake ni nzuri. Hati hiyo niliipokea mimi, nikaigonga muhuri mimi. Kuna na picha ya Mkurugenzi wetu akikata utepe, iliyopigwa kwenye zile hatua arobaini zilizo mbele ya ofisi, ambazo kweli zina lami, na rangi nyeupe imepakwa pembeni. Shimo la kwanza linaanza pale mpiga picha aliposimama. Kwa mujibu wa jalada, shimo hilo halipo. Nalipita kila siku nikienda kazini, nikifika naketi, nalifungua jalada, na shimo halipo.

Sasa fikiri pamoja nami. Neno la fundi huyu likisimama, basi hati ni ya uongo. Hati ikiwa ya uongo, utepe ulikatwa bure. Utepe ukiwa ulikatwa bure, itabidi mtu aulizwe, na mtu huyo ana hasira za karibu na anakaa ghorofa ya juu yangu. Leo kamba ya plastiki imefungwa kwenye shokapu. Kesho atatokea mwingine aifunge kwenye mguu wa meza ya Mkurugenzi, tuone ofisi imezama kiasi gani. Nani atabaki salama? Wapo wakaguzi waliokagua bila kushuka garini. Wapo wenye shahada ambazo hata wao wenyewe hawajawahi kuziona. Nchi nzima itaanza kupimwa kwa rula, Ndugu Mwenyekiti, na yote yatakuwa yameanzia kwenye karakana ya mlango wa buluu.

(Nilisahau kwenye namba 1: mwalimu wa hesabu sasa ananisalimia kwa kunitazama kwanza tumboni. Hilo nalo liandikwe.)

5. Pikipiki imekuwa nzuri. Hapa ndipo ukatili wa fundi wenu unapoonekana wazi. Kama angekosea, ningemrudishia maneno yake na tukaishi vizuri. Lakini tangu aweke springi zile, nikishika breki pikipiki inashuka kidogo na kutulia. Nikiingia kwenye shimo, inalimeza, inarudi, inaendelea. Alhamisi ya kwanza nilimbembeleza mama apande, akapanda amefumba macho. Tulipovuka lile shimo kubwa la karibu na kinu cha kusaga akauliza, "Bado hatujafika kwenye lile?" Nikamwambia tumeshalipita. Mara nikasikia anacheka mgongoni kwangu, kicheko cha kujificha. Sijui mara ya mwisho ni lini nilimsikia akicheka njiani.

Kwa maneno mengine, springi zilizochaguliwa kwa kilo mia na tatu zinafanya kazi kama aliyepanda ana kilo mia na tatu. Kila shimo ninalolivuka salama linanitukana. Na shemeji, mwembamba yule, alipoiazima kwenda mjini, alirudi akisema imekuwa ngumu kama benchi, kwake hata hainesi. Mtaa mzima ukapiga hesabu wenyewe.

6. Aliiacha fomu yangu chini ya kikombe. Ndugu Mwenyekiti, yote hayo ningeyavumilia. Hili la sita ndilo lililonishinda.

Mama alifurahi mno hata akataka kwenda kumshukuru fundi kwa mdomo wake. Alibeba chupa ya chai. Fundi akainua kikombe chake ajaziwe, na chini ya kikombe kulikuwa na fomu yangu, ina duara la chai katikati. Mama anapenda kusoma maandishi yangu. Ndiye aliyenifundisha kuandika, kwenye sakafu ya jikoni kwa kipande cha mkaa, na mpaka leo husema mkono wangu ni mzuri. Akavaa miwani, akaichukua.

Sikuweza kufanya lolote. Nilimwona anasoma mstari wa kwanza, akatabasamu. Akafika mstari wa pili.

Nilikuwa na sababu zangu. Ukiandika abiria, uzito unapanda, na uzito ukipanda watu wanaanza kuchunguza na uzito wa dereva. Ilikuwa ni hesabu tu. Lakini mama hakuuliza hesabu. Aliikunja fomu kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha mezani, akasema taratibu, "Kumbe huko nyuma hakuna mtu." Fundi Rula akageukia ukutani akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Siku zote mama hunishika kiunoni akiwa nyuma. Kurudi siku ile alishika kile chuma cha nyuma ya kiti. Alhamisi iliyofuata vilevile. Hanisemi, ananipakulia chakula kama kawaida, anauliza kazi imeendaje. Lakini akipanda anashika chuma. Pikipiki haitikisiki tena, Ndugu Mwenyekiti, imetulia kabisa, na mimi katika utulivu huo wote nausikia mkono ambao haupo.

Kosa hilo ni la fundi. Fomu ya mteja ni siri, na haiwekwi chini ya kikombe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

a) Springi za kilo 103 zing'olewe na zifungwe za kilo 70, kulingana na fomu. Nikigonga, nigonge kihalali.

b) Fundi Rula anyang'anywe rula kwa muda wa miezi sita.

c) Boksi lililoko rafuni ligeuzwe litazame ukuta.

d) Chama kimwandikie mama yangu barua yenye muhuri, imweleze kwamba neno "hakuna" katika swali la pili ni neno la kiofisi, lilitumika kwa madhumuni ya kujaza nafasi, na halimhusu mtu yeyote aliye hai. Mimi nimejaribu kumweleza hivyo kwa mdomo. Nilifika katikati nikakwama.

Nisalimie wanachama wote wa chama, walio karakanani na walio barabarani. Nisalimie mama muuza mayai, ambaye peke yake siku ile hakucheka, ila aliniuliza kama nakula mayai. Mpeleka mikate naye msalimie, kwa kuwa siwezi kumruka bila kuonekana nina kinyongo. Mwalimu wa hesabu mwambie salamu zake za tumboni nimezipata.

Ni mimi mwenye kuheshimu kila kilichoandikwa,

Karani wa Masjala,
Idara ya Barabara
(kilo 70, kwa mujibu wa kumbukumbu)

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua asubuhi hii ya Alhamisi, hapa hapa karakanani, juu ya kiti cha pikipiki, kuongeza machache.

Tafadhali springi zisiguswe. Ombi la (a) lifutwe, na (b) pia, maana rula hiyo nimeiazima sasa hivi ninyooshee mistari hii, na nitairudisha.

Nimemwomba fundi fomu mpya. DEREVA: KILO 103 NA NUSU. Kwenye ABIRIA nilisimama kidogo, nikamuuliza mama uzito wake, akasema hamsini na nane, na mto uongezwe kwa sababu nao ni mzito. Nimeandika: MAMA YANGU, 58, NA MTO WAKE. Nilimpa asome kabla sijatia sahihi. Alisoma, akasema herufi M nimeikosea kama nilivyokuwa nikiikosea utotoni. Ombi la (d) nalo lifutwe.

Kwa swali la tatu tulitoka tukaenda kuhesabu, tangu nyumbani hadi kwenye zile hatua arobaini zenye lami. Mimi nilihesabu mbele, yeye nyuma, akinikosoa kila niliporuka. Tumepata mashimo thelathini na moja, na ndivyo nilivyoandika. Kwenye la kumi na tisa, ambalo hata springi hizi linazishtua, alinishika kiunoni. Tulipolivuka hakuuondoa mkono.

Nakala moja ya fomu nimempa fundi, aiweke chini ya kikombe apendavyo. Nyingine nilipita nayo ofisini kabla ya kurudi hapa. Ilitobolewa matundu mawili, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", na kwa bahati mbaya ikaingia kabati la tatu, rafu ya juu, katikati ya hati ya ukamilishaji na picha ya utepe. Sijawahi kupoteza karatasi, kwa hiyo itakuwapo.

Mkurugenzi akija kukuuliza nani ameitia humo, mwambie ni yule karani wa kilo mia na tatu na nusu. Hatapata shida kuniona.